Shairi Ulilomwandikia Mama wa Ukutani

Merdi, mwanangu,

Mambo ya safari umekwisha kuambiwa na kila mtu aliyepita hapa leo. Tata yako, kama baba yeyote, amekueleza basi la Lubumbashi linasimama wapi, na kwamba usilale ukiwa na simu mkononi. Mama wa jirani amekuonya juu ya nyama za kununua njiani pale Fungurume. Padri naye amesema ya kwake. Mimi sina la kuongeza. Sabuni iko chini kabisa ya sanduku, basi. Wewe umekwenda kuaga rafiki zako, tata yako ameketi nje, na mimi nimeondoa sahani za bukari nikafuta meza nikachukua kalamu. Nilisoma mpaka darasa la sita tu, unajua, kwa hiyo usinicheke kwa mwandiko. Wewe unayekwenda kusomea mambo ya vitabu utanisahihisha ukipata muda.

Nina wivu. Nimeandika neno hilo mapema nisije nikalikwepa. Nina wivu na mwanamke aliyekufa kabla sijakanyaga nyumba ya tata yako, mwanamke ambaye sikuwahi kuonana naye hata njiani. Aibu ya jambo hilo naijua vizuri. Nimejisema mwenyewe mara nyingi nikiwa nimekaa nyuma ya samaki wangu sokoni, lakini kujisema hakujaupunguza. Na wivu wenyewe umeniingia upya kwa sababu ya shairi lako.

Wewe unajua tangu ulipoanza kuwa na akili kwamba Mama Monique alikuzaa, na mimi Adèle nilikulea. Hilo halikufichwa kwetu. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unaniita mama, na yeye ukimwita mama wa ukutani, na hakuna aliyekukataza. Mungu hakunipa mtoto mwingine. Hata jina la Mama Merdi ninaloitwa sokoni nililikuta, lilikuwa lake kwanza. Nimelivaa tu, na limenikaa vizuri, lakini mtu akiniita kwa sauti kubwa kuna siku bado nageuka nyuma kuangalia kama anaitwa mwingine.

Sasa tuje kwenye shairi. Mwalimu wenu aliwaambia muende nyumbani, kila mtu achague picha moja anayoipenda ukutani, akae mbele yake, kisha aiandikie shairi. Ulituambia mwenyewe, ukicheka, kwamba mwenzako mmoja aliandika juu ya kalenda ya duka la simu. Wewe hukutafuta. Ulivuta kiti ukakaa chini ya tablo ya Mama Monique jioni nzima. Nilipokuambia usogee nipitishe ndoo, ulisogea bila kuniangalia. Niliona midomo yako inatikisika. Nikajua unasema naye, na nikaimwaga ile ndoo nje kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Tablo yenyewe nani asiyeijua? Nyumba nyingi za Kolwezi zina ndugu yake. Kitambaa cha gunia la unga kimepigiliwa kwenye mbao, rangi ni ile ile ya kupaka milango, nyuma kuna mto Lualaba, wa buluu kuliko ulivyo, na bomba refu la kiwanda linatoa moshi mweupe. Mbele amekaa mwanamke kwenye kiti kifupi, amejifunga kitenge cha buluu, ana bakuli la sombe, majani ya muhogo, mapajani. Uso umetuelekea sisi. Mkono wa kulia unachambua majani, wa kushoto umeshika ukingo wa bakuli. Mimi nimeifuta vumbi picha hiyo kila Jumamosi tangu ilipotundikwa, na vumbi la huku, pamoja na malori yote haya, halina huruma.

Jumapili ile kwenye ukumbi wa parokia walipowaita mliomaliza shule, ulisimama bila karatasi. Mimi nilikuwa mstari wa tatu na kitenge kipya. Nimeyashika maneno yako kwa moyo, unaona, hata yale yaliyonichoma:

Mama, hujawahi kuniita nije kula,
hujawahi kuniuliza nimetoka wapi.
Nyumba inapita mbele yako na kitambaa cha vumbi,
nyumba inapika, nyumba inagomba,
wewe peke yako umetulia,
na kidole chako kidogo kimepinda
kana kwamba kinaniambia: njoo karibu.

Watu walilia. Tata yako alilia mpaka akashindwa kupiga makofi. Mama Régine, ninayeuza naye samaki, alinishika goti akaninong'oneza: "Adèle, ule mutoto anajua kuliza bantu." Nikasema ndiyo, anajua. Nikapiga makofi kama wengine. Nyumba inayopita na kitambaa cha vumbi ni mimi. Nyumba inayopika ni mimi. Nyumba inayogomba, hapo Mama Régine alinitazama akajizuia kucheka, ni mimi pia. Mwanamke mzima nimegeuka kuwa nyumba. Na salamu zote za maneno matamu zilikwenda kwa mtu ambaye hajawahi kukuosha hata sikio.

Ungeniuliza siku ile kama nimelipenda, ningesema ndiyo, na ingekuwa kweli. Ni shairi zuri. Hilo ndilo linaloniudhi. Kama lingekuwa baya ningekupikia kuku, nikakupa moyo, mambo yakaisha.

Lakini kuitwa nyumba ningevumilia. Kilichonishinda ni kile kidole. Ili uelewe inabidi nikurudishe mpaka siku tablo ilipoanza kuchorwa, kwa sababu wewe ulikuwepo, ila ulifika mgongoni mwangu umelala.

Nilikuwa na msimu mmoja tu wa mvua kwa tata yako. Yeye alitaka ukue ukijua sura ya aliyekuzaa, na mimi niliona ni haki. Picha iliyokuwepo ilikuwa moja, ile ndogo ya kitambulisho, uso na mabega basi. Tukaenda naye kwa mchoraji mmoja aliyekuwa na kibanda nyuma ya soko, mzee mwembamba mwenye rangi mpaka kwenye nyusi. Aliiweka ile picha kwenye kiganja, akaitazama, akaniangalia mimi, akaitazama tena.

"Sura iko," alisema. "Sura haina matata. Lakini mikono? Mikono nitapata wapi?"

"Chora tu mikono ya mwanamuke," tata yako akajibu.

"Ya mwanamuke gani? Kila muntu eko na yake." Kisha akanigeukia. "Mama, mupe tata yake mutoto. Shikala pale."

Nikakaa. Akanipa bakuli tupu, akaagiza majani ya sombe kwa muuzaji wa jirani. Tulirudi pale jioni kadhaa. Akachora mikono yangu, mabega yangu, magoti yangu, na kitenge changu cha buluu nilichotoka nacho kwa mama yangu. Juu ya shingo yangu akaweka uso wa Monique. Ukitazama vizuri utaona shingo imekwenda upande kidogo. Hapo ndipo mimi na yeye tulipokutana.

Alipofika kwenye mkono wa kushoto alisimamisha brashi. "Hiki kidole kinakataa kunyooka?"

Nikamweleza ni nyundo. Nilipokuwa msichana nilikuwa nasafisha mawe ya madini mtoni na wanawake wengine. Tunayaponda kwanza, kisha tunayaosha tukitafuta yale ya kijani na meusi. Siku moja mwenzangu alikosa jiwe akapata kidole changu kidogo. Kilipona kwa kupinda, na hakijanyooka mpaka leo.

"Nikinyooshe?" mchoraji akauliza. "Hapa mi naweza kukinyoosha, hautasikia maumivu."

Tata yako akacheka. Mimi nikamwambia akiache kama kilivyo. Sikujua kwa nini nilisema hivyo. Leo najua. Niliona naingia kwenye nyumba ya mtu, nalea mtoto wa mtu, naitwa jina la mtu, na sasa nakopesha hata mikono. Nilitaka kitu kimoja cha kwangu kibaki pale.

Kwa hiyo, Merdi, kidole ulichokiandikia, kile kilichopinda kana kwamba kinakuita, ni hiki kinachoshikilia karatasi hii isiteleze. Umeishi nacho tangu ulipokuwa hujui kutembea. Kimekufungia vifungo vya shati la shule. Hukukiona. Ulikuja kukiona kwenye ukuta, ukampa mwingine, na ukumbi mzima ukalia.

Utaniuliza mbona sikusema miaka yote hii. Hapo kosa ni langu na sitalisukumia mtu.

Tablo ilipokwisha, nkambo wako, mama yake Monique, alipanda treni kutoka Lubudi kuja kuiona. Unamkumbuka, alikuwa mama wa maneno machache, kila akija analeta mahindi na karanga hata kama nyumba imejaa mahindi. Alisimama mbele ya tablo bila kuvua kilemba. Uso aliutazama kidogo tu. Akasogea, akagusa mikono. Akaigusa hivi, kidole kwa kidole, mpaka kile kilichopinda.

"Sura, haina yeye sana," alisema. "Lakini mikono, njo yenyewe. Njo mikono ya mutoto wangu kabisa."

Tata yako aliniangalia. Mimi nikaangalia chini. Nilikuwa mke mpya katika nyumba hiyo, mama huyo amezika mtoto wake, na amekipata kitu cha kushika. Ningesema nini? Nikajibu: "Ndiyo, mama." Nikaenda jikoni kumpikia, na nilipokuwa namkorogea unga wa bukari niliitazama mikono yangu kwa muda mrefu, nikaona ni kweli, imeondoka.

Tangu siku hiyo kila alipokuja alianza kwa kuisalimu ile mikono ukutani, kisha ndipo ananisalimu mimi. Hata alipougua, akaletwa hapa kwetu, mimi ndiye niliyekuwa namnywesha uji, naye alikuwa anageuza kichwa kumtazama Monique. Sikumkasirikia yeye. Ila nilijifunza jambo moja, na ni hilo tu nitakalokuambia kwa sauti ya mzazi. Ukinyamaza kwa huruma, ni vizuri, nyamaza. Lakini jiwekee mwenyewe siku ya kusema. Mimi sikujiwekea. Nkambo alipozikwa ningeweza kuwaambia, na hapo nikakuta kunyamaza kumekwisha kuwa tabia, kama mtu aliyezoea kulala upande mmoja wa kitanda.

Na usidhani wivu ulianza kwenye ukumbi wa parokia. Unakumbuka mtaa wa Kasulo? Labda unakumbuka vumbi tu. Tulikuwa na nyumba yetu ndogo, ya tofali nyekundu, na majirani wote walikuwa wameanza kuchimba ndani ya uwanja, wengine ndani ya vyumba, wakitafuta kobalti chini ya vitanda vyao. Tata yako alikataa kuchimba yetu. Lakini chini ya ardhi hakuna ua wa kutenga viwanja. Mwenye nyumba ya upande wa kushoto alisogeza shimo lake mpaka likaja chini yetu. Ukiweka sikio sakafuni unawasikia wakipiga na kuzungumza. Mchana mmoja ukuta wa sebule ulipasuka kutoka juu mpaka chini, tablo ikaanguka kifudifudi, na mimi nikakubeba nikakimbia nje.

Ulikuwa umeanza shule. Tulisimama barabarani, watu wanapiga kelele, na wewe ukashika kitenge changu ukalia: "Mama wa ukutani! Mama wa ukutani eko mule ndani!" Nikakuacha na jirani nikarudi. Ndani kulikuwa na sanduku langu, na humo vitenge vyote vya mahari yangu. Nilikuwa na mikono miwili na nguvu ya kubeba kitu kimoja. Nikachukua tablo. Ukuta ulianguka kabla sijaweza kurudi mara ya pili, na sanduku likabaki chini ya tofali, na baada ya hapo waliokuja kufukua hawakutafuta vitenge.

Nilipokupa picha uliikumbatia, fremu na misumari na yote. Hukunikumbatia mimi. Ulikuwa mtoto, najua. Usiku huo tulilala kwa rafiki wa tata yako, na wewe ukalala umeiegemea ile picha, mkono wako juu ya mkono uliochorwa. Nilikuwa nimelala upande wa pili wa mkeka. Nikanyoosha mkono wangu wa kweli mpaka karibu na wewe, nikauacha pale. Nilijiambia, mwache, kesho atageuka. Na kweli asubuhi uligeuka kwa sababu ulikuwa na njaa.

Sasa jana ukaja jikoni, ukasimama mlangoni kama unavyosimama ukiwa na jambo. Ukasema: "Mama, mi naomba niende na ile tablo. Kule nitakuwa peke yangu." Tata yako akajibu kabla yangu, kwamba bila shaka, ni mama yako, mchukue. Mimi nikaendelea kukaanga samaki. Wewe ukafikiri nimekubali. Nilikuwa nafikiri jambo moja tu: kwamba hata mimi utakuwa umeniacha, na hukuniomba nikupe kitu changu hata kimoja cha kukaa nacho kule.

Leo baada ya kula, ulipotoka, nilimfuata tata yako nje. Nilitaka angalau yeye anionee huruma. Yeye alikuwepo kibandani, yeye ndiye alikushika wewe mimi nilipokuwa nimekaa.

"Tata Merdi," nikamwambia, "ile mikono ya kwenye tablo, unakumbuka iko ya nani?"

"Mikono gani?"

"Ya sombe. Ya kwenye tablo."

"Si ya Monique? Itakuwa ya nani ingine?"

Nilidhani anatania. Nikautazama uso wake, nikaona hatanii. Alikuwa anasubiri nimwambie kwa nini namuuliza swali la kipuuzi. Nikauweka mkono wangu wa kushoto juu ya goti lake. Alikaa anautazama. Alikishika kidole, akajaribu kukinyoosha taratibu, kikakataa, akakiachia.

"Adèle," alisema. "Mi nilisahabu. Kweli nilisahabu. Masiku yote nilikuwa naangalia sura tu."

Nikamwacha pale pale kwenye kiti. Kwa hiyo kama ulimkuta kimya uliporudi, usihangaike, hana homa. Merdi, nkambo hayupo, mchoraji alihama zamani na sijui kama bado yu hai, na mume wangu amesahau. Nilikuwa nimebaki peke yangu ninayejua. Ningekufa na jambo hili, mikono yangu ingebaki ya Monique mpaka wajukuu wako. Hapo wivu ukageuka ukawa woga, na woga ndio ulionikalisha kwenye meza hii.

Nicheke kidogo. Kabla ya kuanza barua nilivuta kiti, nikakaa chini ya tablo kama ulivyokaa wewe, nikajaribu kuandika shairi langu. Nikasema kama mtoto ameweza, mama yake anashindwa nini? Samaki walikuwa bado wananuka kwenye vidole. Nilipata haya tu:

Monique, hatukuonana.
Nilikupa mikono, umekaa nayo vizuri,
haijachubuka, haijazeeka, haijanuka samaki.
Mimi nimebaki na ile ya kufulia.

Nikaishia hapo. Sijui mashairi yanafungwaje, utanifundisha siku moja. Lakini nilipoyasoma niligundua nimeanza kwa kumtaja jina. Sijawahi kumwita jina lake kwa sauti katika nyumba hii. Nikamwangalia usoni, labda kwa mara ya kwanza bila kitambaa mkononi. Ana macho yako. Nilikaa naye kidogo. Sikumpenda, nisidanganye. Lakini nilimwona kuwa ni msichana tu, mdogo kuliko mimi sasa kwa mbali, aliyepigwa picha kwa ajili ya kitambulisho na hakujua itatumika kwa nini.

Haya, sasa uamuzi wangu, na tata yako nimekwisha kumwambia, hakubisha.

Tablo haiendi Lubumbashi. Inabaki hapa kwenye msumari wake. Nusu yake ni mimi, na sikubali nusu yangu ikatundikwe kwenye chumba cha wanafunzi, vijana wasionijua waoneshwe kidole changu waambiwe huyu ni marehemu. Mimi ni mzima, na kesho kutwa ninauza samaki. Ukitaka kuitazama, panda basi uje nyumbani, utatukuta wote wawili.

Lakini siwezi kukuacha uende bila mama yako. Yule mchoraji alikuwa na desturi yake. Akimaliza tablo, ile picha ndogo aliyochorea anaipigilia nyuma kwa msumari mdogo, ili mwenye tablo akibisha kwamba sura haifanani, aigeuze alinganishe. Tata yako anadhani ilipotea Kasulo. Yeye hajawahi kugeuza tablo, ni mimi ninayefuta vumbi mpaka nyuma. Nimeing'oa leo. Imo ndani ya bahasha hii. Kona moja imeliwa na kutu ya msumari, ila uso ni mzima. Huyo ni Monique mwenyewe, bila mto, bila bakuli, bila mimi hata kidogo. Sina cha kugombania naye hapo. Mweke mezani kwako, mwangalie unavyotaka, mwandikie mashairi mpaka kalamu iishe. Nitakuwa na wivu bado, lakini utakuwa wivu wa kawaida.

Shairi lako usilichane. Mstari wa nyumba uache, kwa sababu nagomba kweli na sitaacha. Uso, utulivu, kimya, vyote mwachie yeye. Ila ule wa kidole, mwanangu, ule ni wangu. Nirudishie.

Barua hii naiweka juu ya viatu vyako uisome kabla hujatoka chumbani. Halafu njoo mezani. Nimefikiri sana kwa nini hukukiona kidole hiki miaka yote, nikaona kosa ni la malezi mema. Nilikufundisha kwamba mtu hapewi kitu kwa mkono wa kushoto. Kila sahani niliyokupa, kila kikombe, kila daftari, nilikupa kwa kulia, na wa kushoto nikauweka chini ya kiwiko kwa adabu, vidole vimekunjwa ndani. Nilikificha mwenyewe nikikufundisha heshima.

Kesho asubuhi sitakuwa na adabu. Nitakupa chai kwa mkono wa kushoto, mbele ya tata yako. Usikipokee kikombe haraka.

Mama yako,
Adèle